Babu wa Kuazima

Bunia, tarehe 11 mwezi wa pili 2024

Baba Mudogo Olivier,

Nakusalimia sana kutoka huku Mudzi-Pela. Natumaini barua hii itakukuta muzima pale Nia-Nia, weye na duka yako ya vyuma vya malori. Siye tuko wazima. Soko inatembea kidogo, bikwembe, vile vitambaa vya Noël, vilibaki vingi lakini havinuki, vitangoja. Bruce, mutoto wako wa mwisho, anasoma vizuri ku université, na kila dimanche, kisha kanisa, anakuja kunisalimia saa ile ile bugali inatoka ku moto.

Utauliza juu ya nini naandika na simu iko. Baba Mudogo, simu iko, masikio yako njo haiko. Mara ya mwisho tuliongea, ulirudilia kila neno kwa nguvu pale barabarani, na kisha siku chache dereva moja wa lori akafika ku meza yangu soko, akaniuliza kama jino yangu imepona. Mambo ya leo sitaki madereva wayajue. Soma polepole, na usisome kwa sauti.

Ni juu ya Alliance. Ni ule mutoto Gracieuse, assistante sociale mwenye kazi ya kuangalia batoto waliopotea, aliniletea mwaka juzi. Alifika na batu walikimbia vita upande wa Aveba, na kati yao hakuna aliyemujua. Gracieuse aliniomba nimulee kwa muda, mpaka familia yake ionekane. Sasa muda imeota meno. Mutoto anajua soko yote, anapima kitambaa na mikono yake mifupi, wateja wanalalamika, na miye nacheka. Nataka awe mutoto yangu mbele ya juge, hakimu wa tribunal, na karatasi, na jina. Unajua marehemu mume yangu aliniachia nyumba na cherehani, hakuniachia mutoto.

Tribunal inaomba familia ya mutoto ikubali. Familia haiko. Gracieuse anasema tungoje, watafute kwanza. Lakini kuko mwanaume moja, Nicolas, anasimamaka karibu na mulango ya tribunal, anapangia batu dossier, karatasi za kesi. Yeye anasema jambo ni mwepesi: nilete muzee moja Munande, kabila yetu na ya mutoto, mwenye mvi na koti, aseme ni babu ya mutoto na anakubali. Nikakufikiria weye. Si uongo mukubwa. Batoto yote ya Nia-Nia si wanakuitaka babu?

Kuja mbele ya Pasaka. Jina yake ya nyumbani ni Kavugho, lakini hiyo nitabadilisha. Nitamuita Masika, juu kwangu ni wa kwanza.

Ni miye mutoto yako,
Bernadette Vahwere


Nia-Nia, tarehe 3 mwezi wa tatu 2024

Binti yangu Vahwere,

Amani iwe nyumbani mwako. Barua yako imefika na alama ya mafuta ya lori, lakini maneno yanasomeka. Nimeisoma kimya kama ulivyoniamuru, isipokuwa pale pa jino, nilipocheka na watu wakataka kujua sababu. Huku mvua ni nyingi, barabara ni supu. Mbele ya duka langu amekuja mama mmoja muuza mihogo ya kuchoma, moshi wake wote unaingia kwangu, nimemwambia ahamie ng'ambo na amenitazama kana kwamba ni mimi niliyehamia. Mwambie Bruce kwamba mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na yeye ana mwaka wa tatu.

Sasa hiyo kazi unayonipa. Nimejitazama katika kioo. Mvi ninazo, koti ninalo. Kasoro ni moja tu, mimi si babu yake. Ungeniambia nimwite mjukuu baada ya juge kusema, ningekuja Bunia kwa miguu. Lakini kumwita mjukuu kabla, ili juge adanganyike, hapo usinihesabu. Nikikubali kwa niaba ya ukoo nisioujua, na babu mwenyewe yuko mahali amekaa anangoja habari, si nitakuwa nimemzika mtu aliye hai? Njia ya mwongo ni fupi, binti yangu, na mimi kwa umri huu napenda njia ndefu.

Na hilo jina. Weye ni Munande, sihitaji kukufundisha kuhesabu. Binti wa kwanza ni Masika, wa tatu ni Kavugho. Aliyemwita huyo mtoto Kavugho alikuwa amekwisha kupata wasichana wawili. Ukimfanya Masika, yule Masika aliyeko utamweka wapi?

Nijibu hilo tu. Mengine yanaweza kungoja.

Baba yako mudogo,
Olivier


Bunia, tarehe 30 mwezi wa tatu 2024

Baba Mudogo,

Pasaka njema. Barua yako ililala Komanda ikingoja convoi ya malori, ilifika ikinuka samaki. Nimemupa Bruce jembe kama ulivyosema. Alilima mistari miwili, akakula sahani tatu, na miye njo nilipata hasara.

Nimeona umekataa, na umekataa vizuri, na methali katikati. Wakubwa walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Miye nimepewa mkuu asiyesikia, sasa nani atavunjika? Walisema pia kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nani alimubeba Alliance ku hôpital na homa, usiku wa mvua, bila pikipiki? Nani alimufundisha kuvua viatu mbele ya kulala? Ukoo usioujua ulikuwa wapi?

Gracieuse alipita tena. Nilimukatia kikwembe kizuri, ile rangi ya mango, akakataa. Alisema akiivaa hataweza kuniona vizuri. Akazungumza na mutoto peke yao mu chumba, na miye nikasugua sufuria moja mpaka ikawa kioo, nisikie kidogo, sikusikia kitu. Akitoka nikamwambia: huyu mutoto yuko anakula, anasoma, anapendwa, kuko nini tena ya kutafuta? Hata kama iko na batu, ni maskini wa kambi. Akaniambia: «Mama Bernadette, familia maskini si familia iliyokufa. Na mutoto si mbuzi, anayemuona wa kwanza amufunge ku kamba yake.»

Miye mutu wa soko, nimetukanwa na batu wakubwa. Hiyo iliniuma.

Jino la mbele la Alliance limengoka. Anafanya kelele ya upepo akisema jina yako. Anakusalimia.

Bernadette


Nia-Nia, tarehe 20 mwezi wa nne 2024

Binti yangu,

Tuko salama. Mama wa moshi bado yupo. Nimemnunulia muhogo mmoja ili nimwambie vizuri kwamba ahame, nikaula, nikasahau nilichotaka kusema.

Umenijibu juu ya samaki, jembe, sufuria na jino. Nilikuuliza jambo moja.

Sikukemei, Vahwere. Nilikubeba mgongoni ulipokuwa na surua, najua namna unavyonyamaza. Basi tuache jina. Niambie kitu kingine: huyo mtoto anafanya nini nyumbani mwako ambacho weye hukumfundisha?

Olivier


Bunia, tarehe 2 mwezi wa sita 2024

Baba Mudogo,

Nakusalimia. Usiseme nimechelewa, bic ya kuandika ilikuwa inanikataa. Huku wazima wote. Bruce amepata mchumba, sasa dimanche wanakuja wawili. Na weye unataja sana huyo mama wa moshi. Barua mbili, mara mbili. Miye nahesabu pia.

Unauliza nini mutoto anafanya yenye sikumufundisha. Ni vitu vya kuchekesha tu. Mbele ya kukula, anagawa bugali yake mafungu matatu mu sahani. Hagusi mbili za kwanza, anakula ya tatu, ile kidogo, na akimaliza anangoja. Nikimwambia kula, anakula zingine, lakini kwanza anatazama inje. Nilimugombeza siku za mwanzo, nikiwaza ni kudeka. Sasa nimezoea. Hata ndizi anakata tatu.

Nikwambie na mambo ya dossier, usiseme nilikuficha. Nicolas amepata muzee mwingine, mutu wa upande wa Kilo, ana koti inapita yako, na inafungwa vifungo vyote. Atasema yeye njo babu. Tutapeleka karatasi mwezi wa saba. Nimemufundisha Alliance, wakimuuliza miye ni nani, aseme mama. Anasema vizuri.

Usiniandikie mahubiri. Nimechoka kulala nikisikiliza kama kuna mutu anagonga kuja kumuchukua.

Bernadette


Nia-Nia, tarehe 7 mwezi wa saba 2024

Binti yangu Vahwere,

Bwana akupe nguvu. Barua hii nimeiandika mara nyingi na kuichana. Kaa chini uisome.

Ulinikataza kusoma kwa sauti. Nisamehe. Nisiposikia ninachosoma, sielewi. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa duka na barua yako, nikafika pale pa mafungu matatu ya ugali. Mama wa moshi aliacha mihogo yake ikaungua. Jina lake ni Pétronille. Alikuja mpaka mbele yangu, akaniuliza fungu la kwanza mtoto analiweka upande gani. Hukuliandika. Akajijibu mwenyewe: «Upande wa mlango. La yaya, dada mkubwa, linawekwa upande wa mlango, kwa sababu Masika ndiye anayechelewa kurudi kutoka shambani.»

Ni mama mzazi wa mama yao. Walikuwa wanalima upande wa Aveba. Siku ya kukimbia, baba na mama wa watoto waliuawa. Yeye alishika wasichana watatu, na katika msongamano wa watu mkono wa mdogo ulimponyoka. Alirudi kumtafuta, hakumwona. Walitembea kuelekea Mambasa, msichana wa pili akafa kwa homa njiani, wakamzika. Wakafika hapa, yeye na Masika, ambaye kwa ubatizo ni Annie. Miezi yote hii nilikuwa namfukuza na moshi wake.

Sikumwambia nyumba yako iko wapi. Nilimwambia jambo hili lina mwenyewe wa kulifuata, na ni assistante sociale. Ugali si ushahidi wa kutosha, binti yangu. Vita imeacha watoto wengi wanaogawa chakula namna hii, na bibi aliyeokotwa na mzee mwenye kelele anaweza kuwa bibi wa mtoto mwingine. Ndiyo maana kuna watu wanaojua kuuliza. Nenda kwa Gracieuse. Mimi sitakwenda kabla yako.

Najua ninachokuomba. Ningekuwa na njia nyingine, hata fupi, safari hii ningekupa.

Baba yako,
Olivier


Bunia, tarehe 21 mwezi wa saba 2024

Baba Mudogo,

Tuko wazima.

Upande wa mulango.

Bernadette


Nia-Nia, tarehe 18 mwezi wa nane 2024

Binti yangu,

Kila lori linalotoka Komanda naliuliza, na madereva wameanza kunikimbia. Tangu barua yako ya mistari miwili sijapata neno jingine. Sijui kama karatasi zimepelekwa na mzee wa Kilo na vifungo vyake. Sitakuuliza.

Pétronille haniulizi kitu. Asubuhi anakuja, anapangusa kiti cha mbao kilicho mbele ya duka, ananiwekea muhogo juu yake, anakwenda kwenye moto wake. Jioni anakuja kuchukua sahani na kunitazama usoni. Kusikia sisikii, lakini hayo naona. Annie ana mikono mirefu na maneno machache. Juzi aliniuliza kama Bunia kuna mvua.

Ninaogopa nimekuvunja moyo kwa mdomo wangu huu. Nakupenda, Vahwere. Hata ukikaa kimya nakupenda, na ukiniandikia kwa hasira nitafurahi kuliko kimya hiki.

Olivier


Bunia, tarehe 13 mwezi wa kumi 2024

Baba Mudogo yangu,

Pokea salamu zangu na hasira zangu pamoja, kama ulivyoomba. Bruce na mchumba wazima. Jembe imeibiwa, namushuku Bruce.

Sikuandika mpaka mambo yaishe. Ile siku ya kupeleka dossier nilimuvalisha Alliance robe nyeupe. Tukapanda pikipiki, yeye katikati yangu na dereva. Mu njia akaanza kurudilia kama catéchisme: huyu ni mama yangu, huyu ni mama yangu. Bila kupumua. Nikasikia ni miye nimemuwekea ile mu kinywa, na mutoto anaogopa kuikosea. Nikamwambia dereva ageuze. Tukaenda kwa Gracieuse. Muzee wa Kilo alibaki ku tribunal anangoja na koti yake mu jua.

Gracieuse hakushangilia, hakunigombeza. Aliandika yote, akaenda Nia-Nia na convoi, unajua, ulimupa muhogo. Koko, bibi yao Pétronille, aliulizwa peke yake, Annie peke yake, Alliance peke yake. Akawaonyesha picha, zingine za batu wengine kabisa. Miye nilikuwa naomba Mungu wakosee moja. Hawakukosea.

Wakakuja. Nilipika sombe, majani ya mihogo, na samaki, nikavaa kikwembe ya rangi ya mango, juu Gracieuse aliikataa na hakuna tena wa kunikataza. Alliance hakukimbia kuwasalimia. Alisimama ku ukuta. Wakati wa kukula akagawa bugali yake mafungu matatu, akasukuma ya kwanza upande wa mulango. Annie akanawa mikono, akaikula. Ya katikati ikabaki pale. Koko Pétronille akaitazama sana, akaikata kidogo kidogo, akatupa kila mutu kipande, hata miye. Nililia na bugali mu kinywa, Baba Mudogo. Si kitu kizuri kuona.

Ku tribunal hatukuomba tena adoption, ile ya kuwa mutoto yangu. Juge ni mwanamuke, anaongea polepole. Alimuuliza Alliance kama anajua miye ni nani, nikatazama chini. Mutoto akasema: «Mama yangu alikufa. Huyu ni mama yangu wa Bunia.» Hiyo sikumufundisha.

Juge akasema batoto watakaa na koko yao, na Kavugho atabaki Kavugho. Kisha akauliza nani wengine wako mu baraza la familia, juu koko ni muzee na haiwezi kubeba yote peke yake. Pétronille akasema upande wa baba hakuna aliyebaki, upande wa mama ni yeye. Akainua mukono, akanionyesha miye. Nikasema mbele ya kila mutu, bila Nicolas kunipangia: miye si damu yao. Juge akaandika vile vile, kwamba si damu, na koko ndiye amenichagua. Mambo makubwa ya ile nyumba yasifanywe bila kuniuliza. Nimetia sahihi, polepole kuliko siku ya ndoa.

Walipanda lori dimanche. Nimemupa kipimo cha kitambaa, akasema mikono yake inatosha.

Nyumba iko kimya. Nagawa bugali yangu vizuri, inabaki nyingi. Weye sasa uko na mutoto yangu mbele ya duka, na umeshinda kesi bila kuvaa koti. Umuangalie viatu mbele ya kulala.

Bernadette


Nia-Nia, tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 2024

Mheshimiwa mjumbe wa baraza la familia,

Salamu. Watoto ni wazima. Alliance anasoma, jino limeota, anapima mihogo kwa kidole na wateja wanalalamika. Viatu anavua. Moshi umezidi, kwa sababu sasa wako watatu wa kupepea moto, na mimi nimeacha kuulalamikia.

Nimeogopa kuandika barua hii karibu kama ile ya mwezi wa saba. Mwezi wa pili ulinitafuta niwe babu wa mtoto huyu kwa uongo, nikakataa kwa maneno mengi. Sasa naiomba kazi ile ile, lakini kwa kupitia mlangoni. Ninataka kumwoa Pétronille. Juge alisema mambo makubwa ya nyumba ile usipitwe nayo, na mimi kwa umri wangu ni jambo kubwa. Basi nakuuliza, kama wajibu wangu ulivyo, unakubali?

Yeye nimekwisha kumwambia. Alinijibu kwamba kwanza nipunguze sauti. Sijui kama hiyo ni ndiyo. Jibu kwa barua, tafadhali usipige simu.

Koti nimelipiga pasi.

Baba yako mudogo,
Olivier

Alliance amechukua bic, anataka kuongeza neno. Amenikataza kusoma.

Mama wa Bunia, koko amekubali lakini babu asijue bado. Kuja Noël. Tunagawa mafungu tano. Ya kwako tunaiweka upande wa mulango, juu weye njo unachelewa.

Kavugho Alliance